Kompyuta haina intaneti, lakini jirani anaweza kuisoma

Kila mtu aliyewahi kuweka simu karibu na spika anaujua ule mlio, trrr-trrr-trrr, halafu sekunde moja baadaye simu inaita. Spika imeisikia simu kabla yako. Hakuna waya kati yao, hakuna blututhi, hakuna mtu aliyetoa ruhusa, ni vile tu simu inarusha mawimbi kwenda kwenye mnara na nyaya za spika nazo zinayadaka na kuyageuza kelele. Na wale wa zamani kidogo mnakumbuka tivii za antena ya nje, pikipiki ikipita chenga zinajaa, jirani akiwasha blenda unakosa goli. Sisi wengi tuliyaona haya ni usumbufu tu basi, ila kuna watu waliyatazama wakajiuliza swali la kijanja: kama simu inavuja mpaka spika inasikia, kompyuta nayo inavuja nini, na nani anaidaka?

Naandika hii kwa sababu kila ukisoma mambo ya usalama wa kompyuta kwa Kiswahili yanaishia palepale, weka antivirusi, badilisha paswedi, usibonyeze linki usiyoijua. Sawa, ni kweli, fanya hivyo. Lakini kuna usikilizaji ambao hauhitaji kuingia kwenye kompyuta yako kabisa, hauachi alama yoyote, faiwoli haina habari nao, na hata ukichomoa waya wa intaneti ukauchoma moto bado upo palepale. Na kinga yake kwa sehemu kubwa sio programu ya kudownload. Ni suala la wapi umeweka meza.

Tuanze na fizikia kidogo, usikimbie. Umeme ukipita kwenye waya huku unabadilikabadilika haraka, ule waya unarusha mawimbi ya redio, utake usitake. Kompyuta ndani yake ni umeme unaowashwa na kuzimwa mamilioni ya mara kwa sekunde, sasa hapo unategemea nini? Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tafuta redio ya AM, ile ya mzee ya kusikilizia taarifa ya habari, iweke sehemu isiyo na stesheni halafu isogeze taratibu kwenye laptop inayofanya kazi. Utasikia mkoromo. Fungua ukurasa mrefu uanze kuskroli, mkoromo unabadilika, fungua video unabadilika tena, chomeka chaji ndio unakuwa mwingine kabisa. Mimi nikiwaonyesha vijana wa ofisini hili huwa wanacheka kwanza halafu wananyamaza. Kuna Mjerumani anaitwa Erik Thiele alilifanya mchezo kabisa, akaandika programu inayochora mistari kwenye skrini kwa mpangilio fulani ili redio ya AM iliyo pembeni ipige muziki wa Beethoven. Yaani skrini inageuka kuwa stesheni ya redio na mwenye kompyuta anaona mistari tu.

Mtu aliyelileta hili kwa watu wa kawaida ni Mholanzi, Wim van Eck, mhandisi wa maabara ya shirika la posta na simu la Uholanzi, mwaka 1985. Kabla yake wakubwa wa kijasusi walikuwa wanajua ila wamekaa kimya, na watu wa nje waliamini kwamba kazi hiyo inahitaji mitambo ya mamilioni. Van Eck akachukua tivii ya kawaida na antena, akaongezea kisakiti cha bei ya chee, akasoma skrini ya kompyuta iliyokuwa mbali, na hapo tunaongelea mamia ya mita. Kwa nini tivii? Kwa sababu monita za wakati ule, zile zenye mgongo mkubwa, zilikuwa zinachora picha kwa namna ileile ya tivii, mstari kwa mstari, na mawimbi yake yalikuwa yanaangukia kwenye masafa yaleyale ya tivii. Kilichokosekana ni ile ishara ya kuifanya picha itulie, mnakumbuka tivii ikipoteza mpangilio picha inapanda inapanda tu? Kile kisakiti kazi yake ilikuwa hiyo, kuituliza picha. Baadaye wakaenda London na watu wa BBC, gari likapaki barabarani, na kwenye tivii iliyokuwa ndani ya gari yakaonekana maandishi ya kompyuta zilizokuwa ndani ya majengo.

Ila wajeshi walikuwa wanalijua tangu Vita Kuu ya Pili. Hii stori iko kwenye hati ya NSA, lile shirika la Marekani la kusikiliza mawasiliano, waliyoiweka wazi mwaka 2007. Jeshi la Marekani lilikuwa na mashine ya kuficha ujumbe iliyotengenezwa na kampuni ya Bell, inaaminika, haivunjiki. Siku moja kwenye maabara ya Bell mtu anafanya majaribio akaona kwamba kila mashine ikipiga hatua, kwenye kifaa cha kupimia umeme kilichoko upande mwingine kabisa wa maabara kinatokea kimdundo. Akaikagua ile midundo akakuta anaweza kusoma ujumbe wenyewe, ule ambao haujafichwa. Jeshi halikuamini. Basi Bell wakaweka wahandisi kwenye jengo la ng'ambo ya mtaa wa Varick, New York, kama futi 80 kutoka kituo cha siri cha jeshi, wakarekodi kwa saa moja, na baada ya masaa matatu au manne wakaleta robo tatu ya ujumbe wote uliokuwa unapita. Hebu fikiria sura za maafisa waliopokea yale makaratasi.

Sasa ninachokipenda mimi kwenye hiyo hati ni kilichofuata. Bell walitoa dawa tatu, funika mashine kwa chuma, chuja umeme unaotoka kwenye nyaya zake, au ongeza kelele ya kuificha. Wakatengeneza na mashine ya mfano, ikawa imefungwafungwa mpaka inapata joto na fundi hawezi kuifungua kirahisi, na jeshi lilikuwa na mashine nyingi tayari huko vitani, zote zingetakiwa kurudi kiwandani. Haiwezekani. Basi wakaandika maelekezo kwa makamanda: hakikisheni eneo la kama futi 100 kuzunguka kituo chenu cha mawasiliano liko chini yenu. Yaani pamoja na maprofesa wote wale, jibu lililotumika vitani lilikuwa ni uzio. Halafu vita ikaisha na watu wakasahau kabisa, mpaka CIA walipoligundua upya mwaka 1951 kwenye mashine ileile, safari hii wakisoma ujumbe robo maili kwenye waya wa mawasiliano. Kazi yote hiyo ikaja kupewa jina la TEMPEST, ambalo mpaka leo linatumika kwa kompyuta na monita za jeshi zilizofunikwa.

Sio mawimbi ya redio tu. Mwaka 1956, wakati wa kimbembe cha mfereji wa Suez, Waingereza wa MI5, shirika lao la ujasusi wa ndani, waliutegea sikio ubalozi wa Misri London, maiki ikawa kwenye chumba cha mashine ya kuficha ujumbe na kila asubuhi wakawa wanasikiliza karani anavyozungusha magurudumu ya mashine kuiseti. Kwa kuhesabu mlio tu wakapata sehemu ya seti ya siku ile, iliyobaki wakaimalizia wenyewe kwa hesabu.

Turudi kwetu sasa. Kuna wakili mmoja hapa Dar, mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, aliniita nimtengenezee kompyuta ya mafaili ya siri ya wateja wake. Akataka isiwe na intaneti kabisa, wifi nitoe mpaka kadi yake. Nikamfanyia. Nilipomaliza akaigonga mezani akasema, "Hapa fundi nani atanisoma?" Mimi naangalia ile meza. Imegandishwa kwenye ukuta wa jipsamu, na nyuma ya jipsamu kuna ofisi ya mpangaji mwingine ambaye hata jina lake hatulijui, wanabadilika kila mwaka. Nikamwambia mzee, huyo jirani yako unamfahamu?

Hakuamini, nikamweleza kuhusu Markus Kuhn. Huyu ni mtafiti wa chuo cha Cambridge, na mwaka 2004 alionyesha kwamba hata hizi skrini bapa, ambazo kila mtu alisema zimemaliza tatizo la van Eck, nazo zinavuja. Alichukua laptop ya kawaida akaiweka ofisini, antena akaiweka mita 10 kutoka pale, katikati kuna ofisi mbili nyingine na kuta tatu za jipsamu. Akaipata picha na maandishi yanasomeka. Kinachovuja pale sio kioo chenyewe, ni ule waya unaopeleka picha kutoka kwenye ubao wa kompyuta kwenda kwenye skrini, unapita kwenye bawaba za laptop. Jipsamu kwa mawimbi ya redio ni pazia tu. Ofisi ngapi za mjini hapa zimegawanywa kwa jipsamu na vioo vya alumini?

Na siri ya hii kazi iko kwenye kurudiarudia, hapa pazuri tuelewane. Skrini inachorwa upya kama mara 60 kila sekunde. Ukikaa unasoma mkataba bila kusogeza kitu kwa dakika moja, kompyuta yako imetangaza picha ileile mara 3,600. Anayesikiliza anapata picha mbovu iliyojaa kelele, sawa, lakini anazipanga picha nyingi juu ya nyingine, kelele inabadilika kila mara ila maandishi hayabadiliki, basi kelele inafifia na maandishi yanabaki. Kuhn pale alitumia picha chache tu, hata sekunde moja haijaisha. Ndiyo maana skrini ni mali kwa wasikilizaji kuliko vitu vingine vingi ndani ya kompyuta ambavyo vinapita mara moja na kupotea.

Kama unaona haya ni ya maabara tu, waulize Waholanzi. Mwaka 2006 walikuwa wanapiga kura kwa kompyuta, na kikundi cha raia kilichoongozwa na mwanaharakati Rop Gonggrijp kikanunua zile mashine za Nedap na kuanza kuzifungua. Walichokuta kuhusu mawimbi kilikuwa kitu kidogo mno. Chama kikubwa cha pale wakati ule, Christen Democratisch Appèl, kwenye jina lake kina ile e yenye mkwaju juu. Kile kioo kidogo cha mashine kilikuwa kikitakiwa kuonyesha herufi yenye mkwaju kinabadilisha namna ya kujichora, na mawimbi yake yanabadilika, kwa hiyo mtu mwenye redio ya kawaida ya kusikilizia masafa anaweza kukaa pembeni na kusikia mlio ukibadilika pale mpiga kura anapochagua chama hicho. Mkwaju mmoja! Serikali ikawaita watu wa usalama wa taifa wapime, wakakuta Nedap ina nafuu, lakini mashine za kampuni nyingine, Sdu, zinasomeka kutoka makumi ya mita. Waziri akazipiga marufuku zikiwa zimebaki wiki tatu tu uchaguzi ufike, Amsterdam ikiwemo kwenye miji iliyobaki inahangaika. Mwaka 2008 wakaachana na mashine zote wakarudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Nchi tajiri ile. Na sisi tunaopiga kwa karatasi kuna watu wanatuona washamba.

Sauti nayo ina mambo yake. Kila kitufe cha kibodi kina mlio wake, tofauti ni ndogo sikio lako halitofautishi ila kompyuta inatofautisha. Mwaka 2005 watafiti wa chuo cha Berkeley, Marekani, walichukua rekodi ya dakika 10 ya mtu anaandika Kiingereza, bila kujua alichoandika, wakarudisha mpaka 96% ya herufi, kwa sababu lugha ina mazoea yake na herufi zinafuatana kwa utaratibu. Mimi nikajiuliza Kiswahili chetu kingekuwaje, silabi karibu zote zinaishia na irabu, nadhani tungekuwa tumewarahisishia sana kazi. Na ukishajifunza milio ya kibodi hiyo hata paswedi isiyo na maana haisalimiki, kwa paswedi za herufi tano za ovyoovyo walizipata 90% bila kufika majaribio 20. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza wakaja na simu ya kawaida iliyowekwa karibu na laptop, 95% ya vitufe, na kupitia Zoom 93%. Zoom jamani! Huyo msikilizaji umemkaribisha mwenyewe, yuko kwenye mkutano, na wewe maiki iko wazi huku unaingia kwenye akaunti ya benki kwa sababu mkutano unaboa.

Halafu zile printa za sindano, zinazolia kriiii-kriiii kwenye maduka ya jumla na kaunta za benki, mwaka 2010 Wajerumani wa chuo cha Saarland walirekodi ule mlio wakarudisha 72% ya maneno yaliyochapwa. Kwao hizo printa bado zilikuwa kwa madaktari wengi, maana yake cheti chako cha dawa kinaweza kusomwa na aliyeficha kinasa sauti karibu na printa.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, nisije nikawatisha watu bure. Uwezekano wa mtu kupaki gari nje ya nyumba yako ili asome skrini yako ukiwa unaangalia bei ya friji ni mdogo sana sana. Kifaa cha kudaka mawimbi cha dola kama 30 kinapatikana, programu ya bure ya kupanga picha ipo tangu 2014, lakini kile cha dola 30 kinadaka kipande chembamba mno cha masafa na picha inatoka matope, ukitaka inayosomeka unapanda kwenye vifaa vya mamia ya dola, unahitaji antena nzuri, utulivu na ujuzi. Mwenye shida na pesa yako atakupigia simu kujifanya wakala na ataipata kwa dakika tano. Kinachonifanya nisipuuze ni kwamba bei inashuka na akili ya kompyuta inaziba mapengo, mwaka 2024 watu wa chuo kikuu cha taifa cha Uruguay walionyesha namna ya kusoma waya wa HDMI, ule wa kisasa wa kupeleka picha kwenye skrini, ambao kwa kawaida ni mgumu, kwa kutumia akili mnemba kusafisha zile picha mbovu. Kama wewe ni wakili, mwandishi wa habari, mhasibu wa kampuni yenye tenda, mtu wa chama, una jirani ambaye kukujua kunamlipa, fikiria.

Mimi nikiingia ofisi ya mtu siku hizi cha kwanza naangalia kibodi, hata kabla ya mawimbi ya ajabuajabu. Kibodi za bei rahisi zisizo na waya ni janga. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ilikuta kibodi za kampuni nane zinarusha kila unachoandika wazi kabisa, hakijafichwa hata kidogo, na mtu anaweza kukidaka kutoka kama mita 75. Hapo hahitaji hesabu wala antena ya kijeshi. Rudisha kibodi ya waya, au kama lazima isiwe na waya basi iwe ya blututhi ya kueleweka. Kibodi za waya nazo zinavuja, Waswisi wa Lausanne walizisoma mwaka 2009 mpaka mita 20 ukuta ukiwa katikati, lakini angalau huyo atatoka jasho.

Kinachofuata ni umbali, na hapa tunarudi kwa wale makamanda na uzio wao. Mawimbi yanafifia haraka kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo mita tatu za ziada zina thamani kuliko programu nyingi za kununua. Toa meza kwenye ukuta unaochangia na jirani, iweke kwenye ukuta wa tofali ambao nyuma yake ni ofisi yako mwenyewe au hewa ya ghorofa ya tano. Skrini isiangalie dirisha wala korido, maana anayesoma kwa macho bado ndiye mwizi nambari moja, hata mwanga unaorudi kwenye miwani yako au kwenye birika la chai Wajerumani walishausoma kwa darubini mwaka 2008. Waya wa monita uwe mfupi na wenye kufunikwa vizuri ndani, ule mwembamba wa elfu tano unarusha kuliko mzito, na lile donge jeusi kwenye waya sio pambo, ni kizibo cha kupunguza mawimbi, usilikate. Kwenye mikutano ya mtandaoni zima maiki kila usipoongea. Paswedi acha programu ya kutunza paswedi ijaze yenyewe, kisichochapwa hakina mlio, na weka uthibitisho wa hatua ya pili ili hata akiipata imuishie mkononi.

Watu huniuliza kuhusu chumba cha chuma. Vipo, ubalozi na jeshi wanavyo, chumba kizima ni sanduku la chuma, mlango una visahani vya shaba pembeni kuziba mwanya, umeme unaingia kupitia vichujio. Ila usidanganyike ukaezeka chumba kwa mabati ukadhani umemaliza, ingia kwenye kontena au kibanda cha mabati uone kama simu haishiki mtandao. Inashika, kwa sababu mawimbi yanapita kwenye mianya na dirishani, na kama waya wa umeme umetoka nje na mawimbi yametoka nao.

Wakili wangu nilimaliza kumweleza haya yote akanyamaza kidogo, akakichomoa mwenyewe kile kidude cha kibodi isiyo na waya akakiweka mfukoni, kesho yake nikamletea ya waya. Meza mpaka leo hajaihamisha, anasema upande ule mwingine jua la saa tisa linampiga usoni na kiyoyozi hakifiki.